Makontena Tuliyapigania, Data Tumeiacha Ipite

Kila wiki ukurasa huu huwaletea wasomaji bei za mchele, sukari, saruji na mabati, pamoja na hali ya hisa na nguvu ya shilingi mbele ya dola. Leo tunaomba radhi kwa wenzetu wa Kongowea na Marikiti, kwani tunataka kuzungumzia shehena moja ambayo huteremka Mombasa usiku na mchana, haipimwi kwa gunia wala kwa tani, haikaguliwi na forodha, na haimlipi kuli hata senti moja. Shehena hiyo ni data ya intaneti.

Nani kati yetu aliyesahau mwaka 2019? Serikali ilipoagiza makontena yapakiwe kwenye reli mpya moja kwa moja hadi bandari kavu ya Nairobi, mji wa Mombasa ulichemka. Wenye malori, wenye yadi za makontena, mawakala wa forodha, mafundi wa magurudumu na akina mama wauza chakula waliingia barabarani. Maandamano yale yaliitwa Jumatatu Nyeusi. Hoja yao ilikuwa moja na kila mtu aliielewa: mzigo ukipita bila kusimama, mji hufa njaa. Oktoba mwaka huo huo amri ilisitishwa, na mvutano ukaendelea hadi Septemba 2022, Rais William Ruto alipotangaza siku ya kuapishwa kwake kuwa shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa.

Sasa tuulizane wenyewe kwa wenyewe. Ikiwa tulipiga kelele kwa sababu ya makontena, mbona tumenyamaza juu ya data? Tangu mwaka 2009 shehena hii inatua kwenye fukwe zetu na kuondoka papo hapo kwenda Nairobi, Kampala na Kigali. Haikai ghalani, haibadilishi mikono hapa, na faida yake kubwa huhesabiwa kwingine. Hatuoni lori likipita, ndiyo maana hatuoni hasara.

Maoni ya safu hii ni haya: mji unaopokea nyaya za baharini una mlango, na mlango si duka. Mwekezaji mdogo asiyejua tofauti ya vitu hivyo viwili atatia fedha yake mahali pasipo na faida, na mji usiojua tofauti hiyo utabaki bawabu wa mali ya wengine.

Mgeni wa zamani

Tusidhani jambo hili ni geni. Mwaka 1879 waya wa simu za maandishi ulipita chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja na kuendelea kusini hadi Durban. Mwaka 1890 Mombasa nayo ikaungwa na Unguja. Kwa hiyo mji huu ulikuwa na habari za bei za London kabla Nairobi haijakuwa hata kambi ya reli.

Baadaye mawasiliano ya nje yalipanda angani. Kuanzia mwaka 1970 Kenya ilitegemea kituo cha setilaiti cha Longonot, katika Bonde la Ufa, na mikongo ya kisasa ilipoanza kuzunguka dunia, pwani yetu ya mashariki ilirukwa. Hadi mwaka 2009 huku kwetu intaneti ilikuwa anasa. Uwezo wa megabiti moja kwa sekunde uliuzwa kwa maelfu ya dola kwa mwezi, na kampuni nyingi ziligawana uwezo ambao leo usingetosha nyumba moja.

Kisha mambo yakabadilika ghafla. Juni 2009 Rais Mwai Kibaki alifika Fort Jesus kuupokea mkongo wa TEAMS, uliotandazwa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu. Mkongo huo ulikuwa mradi wa Serikali ya Kenya, kampuni za simu za hapa nchini na kampuni ya Etisalat. Julai mwaka huo SEACOM ilianza kazi, nayo ikiunganisha Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania, Kenya na Djibouti. Mwaka 2010 ikafuata EASSy, yenye urefu wa kilomita zipatazo 10,000 kutoka Afrika Kusini hadi Sudan. Mwaka 2012 ukatua Nyali mkongo wa LION2, unaotuunganisha na Mayotte na visiwa vya Bahari ya Hindi. Baadaye ikaja DARE1, inayotuunganisha na Somalia na Djibouti, na mwaka 2022 PEACE, ambayo njia yake kuu hutoka Pakistan hadi Ufaransa. Mombasa imo pia katika orodha ya vituo vya 2Africa, mkongo wa kilomita zipatazo 45,000 unaolizunguka bara zima.

Huo ni msururu wa wageni ambao miji mingi ya Afrika inautamani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji amepona?

Nani alipata, nani alipoteza

Tuwe wa haki. Mnunuzi wa intaneti amepona. Bei ya jumla imeporomoka mara nyingi tangu mwaka 2009. Mwenye duka la leso Mtaa wa Biashara leo anapokea oda ya mteja wa Lubumbashi au Muscat kwa simu ya mkononi, anampelekea picha za mitindo mipya, na fedha zinaingia kabla chai haijapoa. Kazi hiyo haikuwezekana kwa bei za setilaiti.

Lakini hapa mwekezaji mdogo asikilize kwa makini. Bei inapoporomoka, anayefurahi ni mnunuzi. Muuzaji hutafuta pa kushika.

Tuchukue mfano wa soko letu wenyewe. Mwaka 2007 kampuni ya AccessKenya, iliyouza huduma za intaneti kwa makampuni, ilijiorodhesha katika Soko la Hisa la Nairobi kwa shilingi 10 kwa hisa. Hisa zikagombaniwa. Watu wengi walifikiri hivi: mikongo inakuja, intaneti itatapakaa, basi muuza intaneti atatajirika. Mikongo ilikuja kweli. Intaneti ilitapakaa kweli. Lakini pamoja nayo ulikuja ushindani mkali na bei za kukatana shingo. Mwaka 2013 kampuni ilinunuliwa na Dimension Data kwa shilingi 14 kwa hisa na kuondolewa sokoni. Aliyenunua siku ya kwanza alipata shilingi 4 za ziada kwa kila hisa baada ya miaka sita, mbali na gawio. Aliyenunua bei ikiwa juu, akiongozwa na shangwe za mikongo, aliumia.

Linganisha na Safaricom, iliyouza hisa zake mwaka 2008 kwa shilingi 5. Safaricom nayo ni mmoja wa wanahisa wakubwa wa TEAMS. Lakini aliyepata faida katika hisa ile hakuipata kwa sababu ya waya uliopo chini ya bahari. Aliipata kwa sababu ya M-Pesa, wateja mamilioni na minara nchi nzima. Waya ulikuwa gharama ya kufanyia biashara, kama vile lori lilivyo gharama kwa muuza saruji. Hakuna anayenunua hisa za kiwanda cha saruji kwa sababu kina malori.

Funzo ni kwamba kila mkongo mpya unaotua ni habari njema kwa anayetumia uwezo huo na habari ya wasiwasi kwa anayeuuza ukiwa mtupu. Ukisoma gazetini kuwa mkongo mwingine umefika, usikimbilie kwa dalali. Jiulize kwanza: ni biashara ipi itakayopata nafuu ya gharama, na ni ipi itakayonyang'anywa bei?

Jinsi data inavyopita

Wasomaji wengi hawajawahi kueleza wala kuelezwa kinachofanyika ufukweni. Mkongo ukifika pwani huzikwa mchangani na kuingia katika jengo dogo lisilo na mapambo. Humo ndani mnakuwa na mitambo inayotuma umeme wa nguvu kubwa kurudi baharini, kwa sababu mwanga unaobeba data huchoka njiani na kila baada ya makumi ya kilomita huhitaji kifaa cha kuukuza. Kutoka jengoni, data huruka katika mkongo wa nchi kavu na kufuata barabara, reli au nguzo za umeme hadi Nairobi.

Jengo kama hilo huajiri watu wachache: mafundi, walinzi, mwangalizi wa jenereta. Ndiyo sababu kijana wa Nyali anaweza kuishi mita mia chache kutoka mlango wa intaneti wa Afrika Mashariki na asipate kazi yoyote kutokana nao.

Fedha nyingi hupatikana hatua inayofuata: pale mitandao inapokutana na kubadilishana data, na pale data inapowekwa akiba. Wakenya tunalijua hili kwa uchungu. Zamani barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti kwenda kwa jirani yake anayetumia kampuni nyingine ilipanda setilaiti, ikaenda Ulaya au Marekani na kurudi, nasi tukalipa nauli ya kwenda na kurudi kwa dola. Kituo cha kubadilishana data cha KIXP kilifunguliwa Nairobi mwishoni mwa mwaka 2000 ili kukomesha upuuzi huo, kikafungwa baada ya majuma machache kutokana na malalamiko ya Telkom Kenya iliyokuwa na ukiritimba, kisha kikafunguliwa tena mwaka 2002. Tangu hapo Nairobi ikawa soko. Mitandao ilikwenda huko kwa sababu mitandao mingine ilikuwa huko, kama vile wauza vitambaa wanavyopanga maduka mtaa mmoja.

Mombasa haikukosa kila kitu. KIXP ilifungua tawi hapa. Kampuni ya iColo, iliyoanzia Kenya na sasa iko chini ya Digital Realty ya Marekani, ina vituo vya data Miritini na Nyali. Huo ni mwanzo mzuri. Lakini mwanzo huo umefanywa na wawekezaji wa nje walioona kitu ambacho sisi wenyeji tulikuwa tunakiruka kila siku tukienda kuogelea.

Marseille walifanya nini

Mji wa kujilinganisha nao ni Marseille, Ufaransa. Nao ni mji wa bandari, nao uko mbali na mji mkuu, nao kwa miaka mingi ulikuwa mahali ambapo mikongo ya Asia na Afrika ilitua na kukimbilia Paris. Leo Marseille ni miongoni mwa vituo vikubwa vya mikutano ya data duniani. Maghala ya data yamejengwa ndani ya eneo la bandari lenyewe, na moja limewekwa katika jengo la zege la nyambizi la Wajerumani la enzi ya Vita vya Pili vya Dunia. Maji baridi ya mfereji wa mgodi wa zamani hutumika kupoza mitambo. Bandari ilikuwa na ardhi na majengo yasiyo na kazi, ikayapatia kazi.

Hapo ndipo penye somo kwa Mombasa. Bandari yetu ina ardhi. Dongo Kundu ina eneo maalumu la kiuchumi. Shimanzi na Changamwe kuna maghala ambayo wenye nayo wanalalamika kila siku kuwa hayana wapangaji kama zamani.

Hoja ya upande wa pili

Msomaji wa Nairobi atatucheka, na ana haki ya kusema lake. Atasema kuwa Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni baridi, na ghala la data hula umeme mwingi kwa ajili ya kupoza. Mombasa ni joto na chumvi. Atasema pia kuwa umeme wa mvuke wa ardhini uko Olkaria, na ndiyo maana Mei 2024 Microsoft na G42 ya Falme za Kiarabu zilipotangaza mpango wa kituo cha data cha dola bilioni moja, zilikitaja Olkaria na si Likoni. Atamalizia kwa kusema kuwa data hutoka Mombasa hadi Nairobi kwa milisekunde chache tu, na hakuna mteja atakayehisi tofauti.

Yote hayo ni kweli, wala safu hii haidai kuwa mitambo mikubwa ya kukokotoa ihamie pwani. Tunachodai ni kidogo na kina hesabu yake. Mikongo inapokutana, ni nafuu zaidi ibadilishane data palepale inapotua. Data ya Mogadishu inayokwenda Mayotte, au ya Djibouti inayokwenda Dar es Salaam, haina sababu ya kupanda hadi Nairobi na kushuka tena. Kila mkongo unaoongezwa Mombasa huzidisha njia za kubadilishana, na biashara hiyo haihitaji baridi ya Olkaria. Inahitaji jengo salama, umeme usiokatika, ardhi yenye hati safi na ada zinazojulikana mapema. Vitatu kati ya hivyo vinne viko mikononi mwa watu wa hapa hapa.

Tena tusisahau kuwa Dar es Salaam haijalala. SEACOM na EASSy zilitua kule pia, 2Africa imefika mwaka 2023, na mkongo wa taifa wa Tanzania unaziuzia Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi. Mfanyabiashara wa Kigali anaweza kuchagua mlango, kama anavyochagua bandari ya kupitishia kontena lake.

Nanga na tetemeko la bei

Kuna jambo la mwisho ambalo linamgusa hata msomaji asiye na mpango wa kununua hisa yoyote. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa iliteremsha nanga mahali palipokatazwa na kuukata mkongo wa TEAMS. Siku chache kabla, mikongo mingine ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu. Intaneti ikasuasua nchi nzima.

Februari 2024 mikongo kadhaa ilikatika tena katika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwemo, baada ya meli Rubymar kushambuliwa na kuelea ovyo ikiburuta nanga. Jumapili ya tarehe 12 Mei mwaka huo huo EASSy na SEACOM zikakatika kwa pamoja kwenye pwani ya kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kaskazini njia imejeruhiwa, kusini njia imekatika. Kenya, Tanzania, Uganda na nchi jirani zilipata shida, na ubalozi wa Marekani mjini Dar es Salaam ulifunga milango siku mbili kwa sababu hiyo. Meli ya kutengeneza ilibidi itoke Cape Town. TEAMS, ambayo huenda Fujairah bila kupita Bahari ya Shamu, ilikuwa miongoni mwa njia zilizotuokoa.

Kwa mfanyabiashara somo ni rahisi. Ukinunua laini mbili za intaneti kutoka kampuni mbili, bado waweza kuwa umenunua waya mmoja. Muulize muuzaji wako, kabla ya kutia sahihi: data yangu inapita mkongo upi, na ukikatika inahamia upi? Asiyeweza kujibu, mwambie arudi akiwa na jibu. Aidha, daftari la madeni na la stoo likiwa limewekwa kwenye mtambo ulioko Ulaya, weka nakala nyingine hapa nchini. Duka halifungwi kwa sababu nanga imeanguka Msumbiji.

Ushauri wetu

Kwa mwekezaji mdogo: usinunue waya, nunua kinachohitajiwa na wenye waya. Vyama vya akiba na mikopo vya Mombasa vinavyomiliki viwanja na maghala vichunguze kama mali hizo ziko karibu na njia za mkongo na laini kubwa za umeme, kwani thamani yake huenda ikawa zaidi ya kodi ya mchele. Wenye biashara za jenereta, viyoyozi, betri na ulinzi wajifunze viwango vinavyotakiwa na vituo vya data. Mkataba wa kuhudumia kituo kimoja kwa miaka mitano ni bora kuliko zabuni kumi za ofisi zinazochelewa kulipa.

Kwa Serikali ya Kaunti: ada ya kuchimba mitaro ya nyaya isiwe tego la kila afisa mpya. Iandikwe, itangazwe, ikae miaka kadhaa bila kuguswa. Na hati za ardhi za pwani, ambazo kila mtu anajua zilivyo na migogoro, ziwekwe sawa kwanza katika maeneo yanayofaa kazi hii. Hakuna mwekezaji atakayejenga ghala la mamilioni ya dola juu ya kiwanja chenye wenyewe watatu.

Kwa wafanyabiashara wenzetu waliosimama barabarani mwaka 2019: hoja ile ile mliyoitoa kwa makontena itoeni kwa data. Safari hii hakuna haja ya kuandamana. Chama cha wafanyabiashara kinatosha kuandika barua moja, kikiuliza maswali mawili: data kiasi gani inatua Mombasa, na kiasi gani inabadilishana mikono hapa hapa kabla haijaondoka? Jibu la swali la pili ndilo litakalotuambia kama tuna soko, au tuna mlango tu.

Wiki ijayo tutarudi kwenye bei za sukari.